Sawa Mama, Nimepitisha

Rehema ndiye aliyeniomba niandike haya kabla sijayasahau, na akasema nianze na siku ya kwanza kazini. Nitaanza hapo ili kumridhisha. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo za milango ambayo haikufungika.

Niliingia chuoni kama mpiga chapa, Chumba Namba Sita, kile cha nyuma ya ukumbi mkubwa. Siku hiyo ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na kabla sijamsalimia mtu nilikabidhiwa kitambaa cha kufunika taipureta. Upepo wa Singida mnaujua. Dirisha lilitazama mashariki, na ukisahau kufunika mashine saa moja tu, herufi zinaanza kukwama kwa vumbi. Mpaka leo nikiona kompyuta imeachwa wazi mkono unaniwasha.

Bosi wangu alikuwa Mzee Ntandu, mkuu wa masijala, mtu mrefu aliyeongea kidogo. Alikuwa na utaratibu wake. Barua yake mwenyewe, kabla haijakatwa stensili ya kurudufia nakala, alimpa mpiga chapa mgeni kuliko wote aisome. Wiki yangu ya pili akanipa wito wa mkutano wa walimu wa Iramba. Niliusoma nikaona siku na tarehe haviendani. Iliandikwa Jumanne, na tarehe ile ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, na yeye alikuwa rika la baba yangu. Nikaona nitamwambiaje mzee amekosea? Nikairudisha nikasema iko sawa.

Walimu walipanda lori kutoka Kiomboi wakafika Jumanne, wakakuta ukumbi umefungwa. Mzee Ntandu aliwaomba radhi mmoja mmoja. Jioni akaniita.

"Uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Basi siku nyingine usiniheshimu kiasi hicho."

Nililia nilipofika nyumbani, halafu miaka ikapita, nikasahau. Hilo la kusahau ndilo ninaloliandikia hapa.

Kompyuta za kwanza zilipoletwa zilikaa kwenye maboksi muhula mzima, kwa kuwa kila mkubwa aliogopa kuwa wa kwanza kuziharibu. Mwisho nikafungua boksi moja mwenyewe. Nilijifunza kwa kubonyeza na kujuta. Vumbi nililitoa kwa pampu ya baiskeli, na hiyo pampu ilinisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria. Nikawa fundi, kisha mkufunzi wa maabara. Mwanafunzi akiingia na viatu nilimtoa nje. Waliniita Mama Vua Viatu, wakidhani sijui. Nilijua, na nilipenda. Watu waliniogopa kidogo, kazi ikaenda, na mimi nikadhani woga wao ni dalili kwamba nafundisha vizuri.

Programu huria nilizijua nikiwa mtu mzima tayari. Nilizipenda kama fundi cherehani anavyopenda nguo unayoweza kuigeuza ndani ukaona mishono. Programu ya kununua umefungiwa, inakosea na hujui inakosea wapi. Huria unaifungua, unasoma, unarekebisha, na mwenzako wa mbali anasoma ulichorekebisha. Mimi na wahitimu wetu wachache tukaanza kutengeneza yetu, tukaiita Kadi.

Kadi ilianza kwa nesi mmoja wa upande wa Kinampanda, anaitwa Mwajuma. Alichoka kupekua kurasa kila wiki kujua watoto gani wamefikia siku ya chanjo. Kadi ikawa inamtolea orodha: kliniki ya wiki hii, watoto hawa. Zahanati tano zikaanza kuitumia. Nilikwenda mwenyewe kuwafundisha manesi wa kila zahanati, na kwa majivuno niliwaambia waachane na kaunta buku, yale madaftari makubwa yenye jalada gumu. Nikawaambia kompyuta haisahau.

Kwenye Kadi sheria ni kwamba badiliko la mtu yeyote haliingii mpaka wengine wawili walisome na kulipitisha. Wakiona kasoro wanalikataa na kuandika sababu. Sheria hiyo niliiandika mimi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mkutano mkubwa wa watengenezaji programu ukaletwa Singida, kwenye ukumbi wetu. Siku mbili, mabango marefu, vijana kutoka Dar wenye vitambulisho vya shingoni. Mratibu alikuwa Kelvin, kijana mwepesi wa miguu na mzito wa kusikiliza. Niliomba pembeni ya mkutano wake tupewe chumba cha jamii ya programu huria, kwa siku zote mbili. Akanipa kilichokuwa kimebaki, Chumba Namba Sita.

Nilikipanga kwa wiki tatu. Viti niliviweka duara, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Ekstensheni nilizipima moja moja, kwani nusu ya ekstensheni za chuo zina taa nyekundu na hazina umeme. Projekta ilikuwa nzuri ila ilipenda kuzima ikipata joto, nikaiwekea feni. Ukutani nikabandika karatasi za manila zenye mistari ya masaa na hakuna kingine. Kelvin akaja kukagua.

"Shikamoo mama. Ratiba yenu iko wapi?"

"Marahaba. Hiyo ukutani."

"Mama, hii ni karatasi tupu."

"Ndiyo ratiba. Mwenye jambo anaandika jina lake na saa yake. Anayelitaka anakaa."

Alinitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa maji ya moto. Lakini akanipa jambo kubwa: siku ya pili saa kumi jioni tungepanda jukwaa kuu kwa nusu saa tuioneshe Kadi, na wakubwa wa afya wa mkoa wangekuwepo. Wakiikubali ingepelekwa zahanati zote. Nilikuwa nimebakiza wiki tano kustaafu. Sitawadanganya, nilishaanza kuisikia hotuba ya kuniaga ikitaja Kadi.

Siku ya kwanza asubuhi, watu wakinywa chai nje, Mwajuma akafika. Nilimwalika kama mtumiaji, aeleze kazi yake. Alikuwa amebeba kaunta buku chini ya kwapa. Nikaliona kabla sijamwona yeye.

"Mama, usinikasirikie. Hili sikuliacha."

"Tutalizungumza. Umesafiri salama?"

"Salama. Ila nina watoto sita wako humu, na kwenye Kadi hawapo."

Tukakaa. Akanionesha. Mistari sita, kwa kalamu, majina ya watoto na chanjo ya surua. Kliniki yake ni Jumatano. Idi iliangukia Jumatano, zahanati ikafungwa, watoto wakapaswa kuja Jumatano iliyofuata. Yeye aliwaita kwa daftari, wakachanjwa wote. Lakini Kadi haikuwataja wiki ya Idi wala wiki iliyofuata.

Nikalivuta daftari karibu, nikaisoma mistari ile tena. Kwani hilo la Idi lilikuwa kazi yangu. Idi inategemea mwezi kuandama, huwezi kuipanga mapema, kwa hiyo nilitengeneza kitufe: nesi akisikia tangazo la mwezi anabonyeza kesho sikukuu, na watoto wa kesho wanasogezwa kliniki inayofuata. Nilijivunia kitufe hicho. Nilisema watu wa mbali wasingekifikiria.

Nikamwita Rehema. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu, binti wa Mwankoko, mkimya, anayesoma msimbo wa programu kama wengine wanavyosoma meseji za simu. Akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Jina langu lilikuwa pale, na chini yake waliopitisha. Wa kwanza aliandika, "Shikamoo mama, kazi nzuri." Wa pili, dakika nne baadaye, aliandika, "Sawa mama, nimepitisha." Wa pili alikuwa Rehema. Badiliko lile lilikuwa na kurasa tatu. Dakika nne hazitoshi hata kulifungua vizuri.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mtoto aliyesogezwa aliondolewa kwenye orodha ya wiki hii, lakini hakuandikwa kwenye orodha ya wiki inayofuata. Jina lake lilibaki ndani ya mashine, bila orodha yoyote ya kumtaja.

"Rehema, ulilisoma?"

Akainama. "Nililisoma, mama, usiku wa jana yake."

"Ukaliona?"

"Niliona. Niliandika sababu, nikafuta."

"Kwa nini?"

"Ningekukataliaje, mama?"

Hapo ndipo Mzee Ntandu aliponirudia, na kilio changu cha zamani kikarudi naye. Nilitaka kumfokea Rehema. Nilikuwa na maneno tayari, mnayajua maneno yangu. Sikuyatoa, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na dirisha lile lile la mashariki, na yule binti mwenye viatu vya kubana aliyesema barua iko sawa alikuwa mimi.

Kabla ya kurekebisha mstari hata mmoja tukapiga simu. Zahanati tatu kati ya nne zilizobaki zilijibu kwa sauti za kuona haya: samahani mama, daftari bado tunalo, watoto tuliwaita kwa daftari. Manesi watatu walinikaidi kimyakimya, na wamenisitiri. Zahanati ya tano, nesi wake ni mtu mtiifu sana, akasema, "Mama, si ulituambia tuache? Tumeacha."

Rehema akaandika utafutaji wa watoto wote wasio na orodha. Robo saa. Katika zahanati ile wakatokea tisa. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Idi, na nesi akatuambia katika kata ya jirani surua imeshaonekana. Tukamsomea majina, akawagawia wahudumu wa afya wa vijiji, wakatoka na baiskeli.

Huku nje mkutano uliendelea. Watu waliingia Namba Sita, waliandika kwenye manila, walijadili, walicheka. Mimi nilizungusha chai na tabasamu, na kila simu ya mtu ilipolia niligeuka. Kufikia jioni walipatikana watano. Nilikwenda nyumbani Utemini nikala nusu sahani.

Asubuhi ya siku ya pili nilichukua maka peni nikaandika kwenye manila, saa tano, kwa herufi kubwa: KOSA LANGU LA IDI. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Hakuna kinachojaza chumba kama mkubwa kutangaza kosa lake. Nilieleza yote, kisha nikawasha projekta na kuonesha marekebisho niliyoandika alfajiri.

"Kagueni," nikasema.

Feni ya projekta ndiyo iliyosikika. Vijana walitazama ukuta, viatu vyao, kila mahali isipokuwa mimi. Nikaona itakuwa yale yale. Mmoja akaanza, "Mama, naona iko sawa," na nikamwuliza amefika mstari wa ngapi, akaanza kuhesabu.

Nikamgeukia Rehema. Akasimama, na kusimama kwenyewe kulimchukua muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimeikataa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Nikamwambia atoe sababu.

"Umesogeza mtoto kwenda Jumatano inayofuata, na sasa anaandikwa, hapo ni sawa. Lakini hujaangalia kama Jumatano hiyo nayo ni sikukuu. Krismasi ikiwa Jumatano, Mwaka Mpya ni Jumatano. Mtoto utampeleka siku ambayo zahanati imefungwa."

Mimi ni Mkristo, mzee wa kanisa, nimepika pilau za Krismasi maisha yangu yote. Nilihangaika na Idi mpaka nikaisahau sikukuu yangu mwenyewe. Mwajuma, Mwislamu, akacheka akaficha mdomo kwa mtandio. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto. Niliona aibu, sitasema sikuona. Lakini chini ya ile aibu nilisikia nafuu kubwa, kwa sababu tangu tuanze Kadi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisoma kweli.

Tukairekebisha pale pale, mimi nikiandika, Rehema akikagua. Akaipitisha yeye na mwingine, na mwingine huyo alichukua dakika hamsini. Sikumharakisha.

Saa nane wakawa wamepatikana wanane. Wa tisa, mtoto anaitwa Zawadi, hakuonekana. Mama yake alikuwa amehama na ng'ombe wa kaka yake kuelekea upande wa Ikungi kutafuta malisho, na simu yake haikupatikana.

Kelvin akanifuata nikiwa nakunja waya. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama, nakuomba. Si lazima mseme hilo leo. Mmesharekebisha. Onesheni yanayofanya kazi, wakubwa waikubali, mengine mtayamaliza ndani."

"Na Zawadi?"

"Zawadi ni nani?"

Nikamwambia. Hata hivyo hakubadili ombi. Na niseme ukweli, nilivutwa. Nilitembea mpaka choo cha walimu na kurudi nikijadiliana na nafsi yangu. Wiki tano tu. Ningeondoka na jina safi. Nani angejua? Halafu nikajibu mwenyewe: angejua Rehema. Angekuwa amenikatalia saa tano asubuhi, na saa kumi jioni angeniona nikificha. Asingemkatalia mtu tena maisha yake yote.

Nikapanda jukwaani bila picha za maonesho. Nikawaambia Kadi ni nini, imekosea nini, kosa ni la nani, watoto wangapi, na kwamba tunapozungumza mmoja hajaonekana. Ukumbi ule mkubwa ulikuwa na watu wengi na sauti yangu peke yake. Mkubwa mmoja wa afya, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza swali la haki.

"Nani alikagua kazi yako?"

Kabla sijafungua mdomo, Rehema akasimama katikati ya viti. Hakuna aliyempa kipaza sauti.

"Mimi, mheshimiwa. Niliona kosa, nikapitisha. Kwa sababu ni mama."

Yule mama alivua miwani akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema hawawezi kuipokea Kadi leo, na nikasema ndivyo inavyopaswa. Akaomba apewe jina la mtoto na la mama yake, akatoka nje na simu sikioni. Makofi yalikuwa machache na ya wasiwasi. Kelvin hakunisemesha mpaka mkutano ukaisha, na simlaumu.

Tulirudi Namba Sita kukunja vitu. Nilikuwa nang'oa manila ukutani simu ya Mwajuma ilipolia. Alisikiliza muda mrefu, akisema ehee, ehee. Zawadi alikuwa ameonekana kwenye mnada wa ng'ombe, mgongoni kwa mama yake, mzima. Kesho asubuhi angepelekwa zahanati ya karibu. Nilikaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona nikalia mbele ya vijana wangu, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mwajuma alifungua kaunta buku, akaandika jina la Zawadi kwa kalamu, ingawa hakuwa mtoto wa zahanati yake. Akanitazama aone kama nitasema kitu juu ya daftari. Nikamwazima rula apige mstari vizuri.

Kadi ilipokelewa mkoani baadaye sana, baada ya kukaguliwa na watu ambao hawajawahi kuniona wala kuvua viatu kwa ajili yangu. Hotuba ya kuniaga haikuitaja. Ilitaja uadilifu na kuwahi kazini, na wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu asiyetakiwa kuwahi popote.

Sasa nina shamba la alizeti Mwankoko na kuku wasiosikia amri. Mchana jua likiwa kali ninafungua kompyuta, nasoma Kadi, na wakati mwingine naona pa kurekebisha. Wiki iliyopita nilituma badiliko, kazi ya siku nne, nililoliona halina pa kushikwa. Nikasubiri. Siku nzima ikapita, na nusu ya siku ya pili, nikajua mtu analisoma. Kisha jibu la Rehema likaingia.

"Shikamoo mama. Nimeikataa. Sababu ziko tatu."

Nikamwandikia marahaba, nikavuta kiti karibu, nikaanza na ya kwanza.